Sura ya Sita: Kiini Kigeni Ndani ya Uzi wa Kioo

Kuna swali ambalo mafundi wa intaneti mijini huulizwa mara kwa mara. Faiba imefika, uzi mwembamba wa kioo umepita juu ya nguzo mpaka dirishani, na kisanduku chenye vitaa kimefungwa ukutani. Kisha umeme unakatika, na intaneti inazimika pamoja nao. Mwenye nyumba anashangaa: kama uzi huu ni kioo, na kioo hakipitishi umeme, umeme unaingiaje hapa? Kwa nini mwanga usije tu mpaka mwisho ukafanya kazi yake?

Jibu ni kwamba kioo huufikisha mwanga, basi. Hakiwezi kuutambua, kuuhesabu wala kuugeuza kuwa picha au sauti. Kazi hiyo huanza na kipande kimoja kidogo kuliko punje ya mchele kilichomo ndani ya kisanduku, nacho hakifanyi lolote bila umeme.

Swali la pili ndilo linalozaa sura hii. Je, kipande hicho lazima kikae kwenye kisanduku? Hakiwezi kuwekwa ndani ya uzi wenyewe, kikapita katikati yake kutoka ncha moja hadi nyingine? Tangu mwanzoni mwa karne hii maabara kadhaa za Marekani, Ulaya na Asia zimekuwa zikitengeneza nyuzi za namna hiyo, zenye ganda la kioo na kiini cha kitu kingine kabisa. Wengi wakisikia habari hizi hudhani ugumu uko kwenye moto, yaani kuyeyusha vitu vikali na kuvipenyeza katika tundu jembamba. Moto una taabu zake, lakini taabu kubwa zaidi huja wakati wa kupoa.

Kwanza, tufahamiane na vitu vyenyewe

Uzi wa kawaida wa mawasiliano ni kioo ndani ya kioo. Katikati kuna kiini, sehemu ambamo mwanga husafiri. Nje yake kuna ganda, kioo cha aina tofauti kidogo kinachouzuia mwanga usitoroke. Uzi mzima una unene wa milimita 0.125, na kiini chake kwa kawaida ni kama milimita 0.009. Vyote viwili vimetengenezwa kwa silika, ambayo ni muungano wa silikoni na oksijeni, jamaa ya mchanga.

Mwaka 1966 Charles Kao, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara moja huko Harlow, Uingereza, alieleza kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kubeba mawasiliano kwa masafa marefu. Miaka minne baadaye kampuni ya Corning ya Marekani ilipata kioo cha namna hiyo. Yaliyofuata yanajulikana, pamoja na mikongo ya baharini iliyofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009.

Vitu vingine tutakavyokutana navyo tunaweza kuvigawa kwa jinsi vinavyoupokea umeme:

- Kihami ni kitu kisichopitisha umeme. Kioo na plastiki vimo humu.
- Kipitishi huupitisha kwa urahisi, ingawa hula sehemu yake na kuigeuza joto. Shaba ni mfano.
- Nusukipitishi kiko katikati: hupitisha umeme kidogo au mwingi kutegemea mwanga, joto au uchafu mdogo uliochanganywa humo kwa makusudi. Silikoni na jemaniamu ndizo maarufu. Simu, paneli za sola na taa za LED zote zimejengwa juu ya tabia hii ya kubadilika.
- Kipitishi kamili hupitisha umeme bila kula chochote, ila lazima kipozwe sana kwanza.

Kile kipande cha kwenye kisanduku ni nusukipitishi. Mwanga ukikigonga, umeme unatiririka ndani yake. Mwanga ukikatika, mtiririko unakoma. Uzi wenye kiini cha nusukipitishi, kwa hiyo, unaweza kuhisi mwanga mahali popote urefu wake unapofika.

Zebaki ya Leiden

Wanaoandika juu ya nyuzi hizi huanza na maabara za juzi. Mimi naona mwanzo uko mbali zaidi, Leiden, Uholanzi, mwaka 1911. Heike Kamerlingh Onnes alikuwa amefaulu miaka mitatu nyuma kuigeuza hewa ya heli kuwa kimiminika, na hivyo kupata baridi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia. Alitaka kujua umeme unafanyaje ndani ya metali katika baridi hiyo. Alichagua zebaki kwa sababu inaweza kuchemshwa na kutoneshwa tena na tena mpaka isibaki na uchafu.

Lakini zebaki ni kimiminika. Unaifanyaje waya? Wafanyakazi wake waliijaza katika mirija myembamba ya kioo yenye umbo la U, saba kwa jumla, iliyoungwa mmoja baada ya mwingine. Zebaki ilipoganda, kukawa na waya wa metali ndani ya ganda la kioo. Ilipofika nyuzijoto kama 269 chini ya sifuri, ukinzani wake wa umeme ulitoweka. Kipitishi kamili cha kwanza kujulikana duniani kilikuwa kiini ndani ya kioo.

Kila mrija uliachiwa hifadhi ndogo ya zebaki. Waliijua tabia ya zebaki: hunywea inapoganda, na waya ambao hauna akiba ya kujaziliza unakatika. Miaka karibu mia moja baadaye watu wa silikoni walikutana na shida ileile, ila kwao ilikuja kinyumenyume.

Mwaka 1924 Mmarekani G. F. Taylor alichapisha njia nyingine. Alitia metali ndani ya neli ya kioo, akaipasha moto mpaka kioo kikalainika na metali ikayeyuka, kisha akaivuta. Vyote viwili vilirefuka na kukonda pamoja. Njia hiyo bado inatumika kutengeneza waya zilizovikwa kioo, na ndiyo mama wa karibu mbinu zote tutakazoziona.

Namna uzi unavyovutwa

Uzi wa kioo hauchongwi wala haumiminwi. Fimbo nene ya kioo huning'inizwa juu ya mnara, ncha yake ya chini ikiwa ndani ya tanuru lenye joto la karibu nyuzi 2,000 za Selsiasi. Ncha inalainika, tone zito linaanguka likiburuta uzi nyuma yake, na uzi huo hushikwa na kuzungushwa kwenye gurudumu. Fimbo moja hutoa kilomita nyingi. Uzuri wa kazi hii ni kwamba mpangilio wa ndani ya fimbo haupotei: ukiweka kiini katikati ya fimbo, utakikuta katikati ya uzi, kimekonda tu.

Sasa badala ya kiini cha kioo weka ufito wa silikoni. Silikoni huyeyuka kwa nyuzi 1,414, chini sana ya joto la tanuru. Kwa hiyo ndani ya mnara kuna kioo kizito kinachovutika polepole, na ndani yake kuna silikoni nyepesi kama maji. Ukiwa peke yake, mtiririko mwembamba hivyo ungekatika matone matone. Kioo kinauzuia usikatike. Timu ya John Ballato katika Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, ilionyesha mwaka 2008 kwamba hilo linawezekana, na mwaka uliofuata wakatoa uzi wa jemaniamu.

Miaka miwili kabla yao, mwaka 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, na wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, walikuwa wamepita mlango mwingine. Wao walichukua uzi wa kioo uliokwisha kuvutwa, wenye matundu ndani yake, wakapitisha humo gesi yenye silikoni au jemaniamu kwa msukumo wa mamia ya mara ya ule wa hewa tunayovuta. Uzi ulipopashwa moto, gesi ilivunjika na nusukipitishi kikajijenga kwenye kuta za tundu, tabaka juu ya tabaka, mpaka tundu likakaribia kuziba. Ni kazi ya saa nyingi kwa urefu mdogo. Faida yake ni kwamba haihitaji joto la kuyeyusha chochote, na mtu anaweza kubadili gesi katikati ya kazi akapata tabaka za aina tofauti. Hata zinki selenaidi, fuwele ya manjano inayopitisha mwanga usioonekana kwa macho, imewahi kuwekwa ndani ya uzi kwa njia hii.

Njia ya kuvuta hutoa urefu, na njia ya gesi hutoa umbo safi. Kama lengo ni kutengeneza kitu cha kuuzika, nadhani urefu ndio unaoshinda, na ndiyo maana sehemu inayofuata inashughulika na njia ya kuvuta peke yake.

Taabu inaanza moto ukipungua

Weka chupa ya maji iliyojaa pomoni kwenye friza, funga kizibo, uilaze humo usiku kucha. Asubuhi utakuta chupa imepasuka. Maji ni miongoni mwa vitu vichache vinavyotanuka vinapoganda. Vingi hunywea, kama zebaki ya Leiden. Silikoni na jemaniamu ziko upande wa maji. Silikoni inapoganda huongezeka ukubwa kwa karibu sehemu moja ya kumi, na jemaniamu kwa nusu ya hapo hivi.

Fikiria basi uzi unaotoka tanuruni. Kioo hakina joto maalumu la kuganda; kinazidi kuwa kizito kadiri kinavyopoa, na kikifika nyuzi 1,414 tayari kimekakamaa. Wakati huohuo silikoni iliyomo ndani ndiyo kwanza inaganda na kudai nafasi zaidi. Nafasi hakuna. Inasukuma kuta, kuta zinasukuma kurudi.

Huo ni mkazo wa kwanza. Wa pili unakuja vyote viwili vikiwa vigumu. Kila kitu hunywea kikipoa, lakini si kwa kiasi kimoja. Ufito wa silikoni wa mita moja ukipoa peke yake kutoka nyuzi 1,400 hadi joto la chumbani utapungua zaidi ya milimita 5. Ufito wa silika wa urefu huohuo hautapungua hata milimita 1. Ndani ya uzi wameshikamana, hakuna anayeweza kumwacha mwenzake. Silikoni inataka kufupika, kioo kinakataa, na kiini kinabaki kimevutwa mpaka kinapata nyufa. Ufa mmoja usioonekana kwa macho unatosha kukata njia ya umeme, na mwanga unaopita nao hutawanyika hapo.

Kuna na mambo mengine mawili. La kwanza ni oksijeni. Silikoni iliyoyeyuka ina uchu wa oksijeni, na ganda lake limejaa oksijeni, kwa kuwa silika si kingine ila silikoni na oksijeni. Kiini kinalila ganda kidogo kidogo na kujichafua. Watafiti wa chuo kikuu cha NTNU, huko Trondheim, Norwei, walipaka ndani ya neli tabaka jembamba la oksaidi ya kalisi, yaani chokaa, kabla ya kuvuta. Tabaka hilo hukaa mpakani kati ya viwili hivyo, hupunguza uharibifu, na pia huwa kama mto laini unaopokea sehemu ya mkazo. Napenda suluhisho hili kwa sababu ni rahisi kuliko tatizo lenyewe.

La pili ni fuwele. Silikoni inayofanya kazi vizuri ni ile ambayo atomi zake zimejipanga kwa mstari mmoja. Uzi ukipoa haraka, atomi hujipanga kwa vikundi vikundi, kila kimoja kikielekea upande wake, na kila mpaka kati ya vikundi huzuia umeme na mwanga. Dawa ni kuyeyusha upya. Mwale wa leza huelekezwa kwenye uzi, ukayeyusha kipande kifupi cha kiini bila kuharibu ganda, kisha husogezwa polepole. Silikoni inayoganda nyuma ya mwale hufuata mpangilio wa ile iliyotangulia, na fuwele moja hurefuka kando ya uzi.

Kwa ufupi: kiini hutanuka kikiganda, hunywea kuliko ganda kikipoa, hunyonya oksijeni, na hujipanga ovyo kikiharakishwa. Ukiacha la oksijeni, ambalo huanza humohumo motoni, matatizo haya hutokea baada ya uzi kutoka kwenye moto.

Sentimita 10 dhidi ya kilomita 50

Je, nyuzi hizi zitachukua nafasi ya mikongo ya baharini? Hapana, na hesabu yake ni ya kusikitisha. Katika uzi bora wa silika, mwanga husafiri kilomita 50 kabla haujapungua na kubaki sehemu moja ya kumi. Katika uzi mzuri wa silikoni unaopoteza moja ya tano ya mwanga kila sentimita, kiasi hichohicho hubaki baada ya sentimita 10 tu. Vipo vipande vya maabara vilivyofanya vizuri zaidi, lakini pengo bado ni la mamia ya maelfu ya mara au karibu na hapo.

Anayepima nyuzi hizi kwa umbali anazionea. Zina kazi ambazo silika haiwezi hata ikiwa fupi. Silika hufunga njia kwa mwanga wa infraredi, mwanga wa joto tusiouona, mara tu mawimbi yake yanapozidi urefu fulani. Silikoni na jemaniamu hupitisha sehemu kubwa ya mwanga huo. Na huko ndiko gesi nyingi, kama kaboni dioksaidi na methani, zinakojitambulisha: kila moja hunyonya rangi yake maalumu ya infraredi. Uzi wa sentimita chache unaopitisha rangi hizo unatosha kuunganisha chombo cha kupima gesi na mahali pa kupimia.

Tena, ndani ya silikoni mwanga wenye nguvu hubadili mwendo wa mwanga mwingine, mara mia na zaidi kuliko ndani ya silika. Kwa mtu wa mawasiliano, maana yake ni kwamba mwale mmoja unaweza kuuwasha au kuuzima mwingine bila kwanza kugeuzwa umeme. Kwa kazi hiyo sentimita 10 ni nyingi.

Pale fedha ilipokishinda kioo

Turudi kwa vipitishi kamili. Risasi na bati, ambazo huwa vipitishi kamili karibu na baridi ya Leiden, huyeyuka kwa moto mdogo na kuingia katika kioo bila ubishi. Tatizo lao ni gharama ya baridi yenyewe, kwa kuwa heli ni adimu. Mambo yalibadilika mwaka 1986 na 1987, ilipogunduliwa jamii ya vipitishi kamili vya kauri vyenye shaba na oksijeni. Kimojawapo, chenye yitiri na bari, hufanya kazi kwenye nyuzi 180 chini ya sifuri, baridi inayopatikana kwa nitrojeni ya kimiminika, ambayo huvunwa kutoka hewani.

Kauri hizo ni dhaifu, huvunjika kama kigae, na kuzivuta peke yake kuwa waya haiwezekani. Ganda la kioo lilionekana jawabu, na majaribio yamefanywa. Lakini kauri hizi zinataka mambo mawili ambayo kioo hakitoi. Zikiyeyuka hupoteza mpangilio wake, na ili kuurudisha lazima zichomwe tena polepole zikiwa zinavuta oksijeni ya kipimo. Kioo huziba hewa. Na zikiwa za moto hushambulia kioo na kuchanganyika nacho.

Fedha haina kasoro hizo. Hupitisha oksijeni ikiwa ya moto, wala haigombani na kauri. Ndiyo maana waya nyingi za aina hii zilizoingia kiwandani zilitengenezwa kwa kujaza unga wa kauri ndani ya neli ya fedha, na nyingine kwa kupaka tabaka jembamba juu ya utepe wa metali. Uzi wa kioo wenye kiini cha kipitishi kamili ungalipo, ila kwa maoni yangu utabaki chombo cha maabara.

Kofia inayoona taa za barabarani

Njia moja ya kuepuka shida zote za kupoa ni kutoyeyusha nusukipitishi kabisa. Mwaka 2018 kundi la Yoel Fink katika chuo cha MIT lilipanga vipande vidogo vya LED na vya kutambua mwanga, vilivyokwisha tengenezwa kiwandani, ndani ya fimbo ya plastiki. Fimbo ilipovutwa, waya za metali ziliingizwa pande zote mbili zikagusana na vipande hivyo. Nyuzi zilizotoka zilifumwa kuwa kitambaa, kikafuliwa mara 10, kikaendelea kufanya kazi. Ni ujanja mzuri, ingawa vipande viko mbalimbali, na uzi kati yao hauhisi kitu.

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang, Singapore, walilikabili tatizo lenyewe. Walianza kwa hesabu: mkazo unaanza lini, uko wapi, unafikia kiasi gani wakati kiini kinaganda na wakati uzi unapoa. Kisha wakachagua kioo kwa kufuata hesabu hiyo. Jemaniamu waliivika kioo chenye alumini, ambacho hulainika na kunywea kwa namna inayokaribiana nayo kuliko silika. Wakapata viini visivyo na nyufa kwa urefu wa mita 100 hivi.

Halafu wakafanya jambo ambalo wapenzi wa kioo hawatalifurahia. Walikiyeyusha kioo chote kwa tindikali, wakabaki na uzi mtupu wa nusukipitishi, wakauweka pamoja na waya za metali ndani ya plastiki laini. Ganda lilikuwa kalibu tu, la kushikilia kiini mpaka kipoe. Uzi uliopatikana ulipindika na kufumika. Waliufuma katika kofia inayotambua taa za barabarani zikibadilika na kumpa mtu asiyeona taarifa kupitia simu yake ili avuke salama. Katika fulana inayopokea ujumbe unaotumwa kwa mwanga. Na katika mkanda wa saa unaopima mapigo ya moyo.

Kutoka hapo mpaka dukani kuna kazi isiyo ya fizikia. Kila uzi wa namna hii una ncha mbili, na kila ncha lazima iungwe na waya zinazokwenda kwenye betri na kwenye chombo cha kusoma. Kitambaa cha kawaida fundi cherehani hukikata popote kadiri ya vipimo vya mteja. Hiki akikikata, amekata mzunguko wa umeme katika kila uzi uliopita mkasi, na kabla hajashona shingo na mikono lazima mtu aunge ncha hizo upya, moja moja, viungo visivyozidi unene wa mshono.